Sura ya Saba: Njia Imekatikia Wapi?

Fuso ikichelewa kutoka Beni, hakuna mfanyabiashara wa Butembo anayeanza kuwaza injini ya gari ambalo hajaliona kwa macho. Anapiga simu. Limeondoka saa ngapi? Kabasha limepita? Maboya je, kuna aliyeliona? Barabara ile ni ya kilomita 54, na wanaoitegemea wamezoea kuikata vipande kichwani: kipande hiki kizima, kile nacho kizima, basi shida iko hapa. Baada ya simu tatu au nne wanajua kama ni tope, ni barieri, ni tairi, au ni habari nzito kuliko hizo zote.

Watu haohao, modemu ya nyumbani ikigoma, wanafanya kinyume. Wanaizima, wanaiwasha, wanaigonga ubavuni, wanachomoa nyaya zote kwa mpigo mmoja. Mwishowe wanatafuta sindano na kuichomeka kwenye kitundu kidogo kilichoandikwa RESET. Sura hii nimeiandika kwa sababu ya sindano hiyo. Nakuomba uirudishe kwenye pini za cherehani mpaka tufike mwisho.

Jina halisi la kisanduku hiki ni ruta. Kwetu wengi tunasema modemu, na wapo wanaokiita wifi tu. Nitatumia majina mawili ya kwanza, lakini la tatu naomba tuliweke pembeni, kwa sababu nusu ya simu ninazopigiwa zinatokana nalo. Wifi ni njia fupi, ile inayotoka kwenye simu yako hadi kwenye kisanduku: mita tano, mita kumi, ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma. Intaneti ni njia ndefu, inayotoka kwenye kisanduku kwenda duniani. Njia fupi ikiwa nzima, simu yako itaonyesha alama zote za wifi hata kama njia ndefu imekatika tangu jana. Mtu akiniambia, “Wifi iko, lakini koneksio haiko,” huwa anadhani ametaja ajabu. Kumbe amekwisha kunipa nusu ya jibu: kipande cha kwanza cha barabara ni kizima, tusikiguse.

Kuna namna ya kuhakikisha, na haihitaji hata mega moja. Zima kwanza data ya simu, maana ukiiacha simu itakudanganya kwa kutumia mega zake yenyewe. Unga wifi. Fungua kivinjari, na pale juu unapoandika anwani weka namba iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; nyingi za Huawei zinazotumia kadi ya SIM ni 192.168.8.1. Ukurasa huo unaishi ndani ya kisanduku chenyewe. Ukifunguka na kukuomba neno la siri, simu yako haina kosa na ruta yako iko hai. Acha kuhangaika na simu, nenda kwenye njia ndefu.

Usipofunguka, jaribu kwa simu ya pili kabla ya kuhukumu. Simu moja ikikubali na nyingine ikakataa, tatizo liko kwenye ile iliyokataa: iambie iusahau mtandao huo, kisha uingize upya neno la siri. Hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya mbali havilisemi. Majina ya Wanande hufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Kambale wanane na akina Masika sita. Kila mmoja akiuita mtandao wa nyumbani kwake “Kambale”, simu haiwezi kujua ni Kambale yupi. Inaliona jina inalolijua, inajaribu neno la siri kwa jirani, inafukuzwa, inarudia. Wewe unaona maandishi kwamba neno la siri si sahihi, nawe una hakika ni sahihi. Ongeza jina la avenyu, au namba ya nyumba, na ugomvi huo unakwisha siku hiyohiyo.

Sasa umeme. Ningeweza kuandika kitabu kizima juu ya umeme wa modemu huku kwetu, kwa kuwa hapa ndipo maradhi mengi yanapozaliwa, nayo hujificha chini ya jina la “rezo”.

Jioni moja ya mvua mama mmoja wa Furu, hapa Butembo, alinipigia.

“Papa, rezo haiko tangu asubuhi. Mega niko nazo, nililipa jana.”

“Mama, simama mbele ya modemu. Taa zinawaka?”

“Zinawaka zote.” Akanyamaza. “Ah, zimezima. Sasa zimewaka tena.”

Nikamwomba ahesabu kwa sauti tangu ziwake hadi zizime. Akafika arobaini. Akahesabu tena, arobaini na moja. Nikamwambia alale, nitakuja asubuhi, na asimlipe mtu yeyote wala asinunue kitu.

Nyumba ile ilikuwa na paneli ya sola juu ya bati na betri kwenye stoo ya nyuma. Kutoka betri hadi sebuleni waya ulipita juu ya dari, kama mita kumi na tano. Niliweka kipimo kwenye vichwa vya betri: volti 11.8. Nikaenda sebuleni, nikapima kwenye ncha inayoingia kwenye modemu wakati taa zinajaribu kuwaka: volti 10.7. Volti nzima, na zaidi kidogo, ilikuwa inapotelea darini. Nikaomba ngazi. Waya uliopita kule ulikuwa wa spika, ule mwembamba wenye mstari mwekundu, wa nusu milimita mraba.

Hesabu yake ni hii. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita kumi na tano ni mita thelathini za shaba. Shaba nyembamba namna hiyo, kwa urefu huo, ina ukinzani wa kama omu moja. Modemu ikivuta ampea moja, inapoteza volti moja njiani. Betri ikiwa imeshiba haisumbui. Modemu inapokea karibu volti 12, inafurahi. Lakini siku tatu za mawingu, betri imeshuka hadi 11.8, nayo modemu huanza vizuri kwa sababu mwanzoni inavuta kidogo. Baada ya sekunde arobaini inawasha redio yake ya wifi, inavuta zaidi, volti zinaanguka, inazimika. Inajiwasha upya. Mzunguko huo ulikuwa umeendelea tangu alfajiri, nayo kampuni inayomuuzia mega haikuwa na kosa lolote. Tulisogeza modemu ikakaa kwenye rafu karibu na stoo, tukaweka waya wa milimita mraba 2.5, ambao kwa urefu uleule ungepoteza sehemu moja ya tano ya volti. Watoto walikuwa mtandaoni kabla sijamaliza chai.

Kwa hiyo, kabla ya neno “rezo” kukutoka mdomoni, simama mbele ya taa dakika mbili nzima. Zikiwaka zikatulia, umeme unatosha. Zikirudia kuzima na kuwaka, shida iko kwenye chaja, waya au betri. Chaja nayo ina maandishi madogo nyuma ambayo wachache huyasoma. Volti lazima zilingane na zile zilizoandikwa kwenye modemu: 12 kwa 12, 9 kwa 9, 5 kwa 5. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue. Nimekutana na modemu za volti 12 zilizopewa chaja ya volti 9 kwa kuwa tu ncha iliingia. Hizo huwaka, taa zake ni hafifu, zinaanguka kila mtu wa pili anapojiunga. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Na ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, kumbuka kwamba saa sita mchana betri inayochajiwa hufika volti 14 na zaidi. Weka kifaa cha kusawazisha volti katikati. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na modemu mpya.

Kabla hatujaondoka kwenye umeme, neno juu ya radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipanga mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. Barani Afrika pa kwanza palikuwa Kabare, Kivu Kusini, mapigo kama 205 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Hao ni majirani zetu, na mawingu yetu ni ndugu wa mawingu yao. Watu wengi ngurumo zikianza huchomoa chaja ukutani na kuuacha waya wa antena umechomekwa, ile inayosimama juu ya paa kama inayoiita radi. Chomoa vyote viwili. Radi ikiingia kwa waya wa antena, mara nyingi huua tundu moja tu, lile lililoandikwa WAN. Utajua hivi: kila kitu kinawaka, ukurasa wa ndani unafunguka, lakini taa ya WAN haiwaki hata ukibadilisha waya, hata waya huo ukiuchomeka kwenye kompyuta na ukafanya kazi. Usiitupe. Baadhi ya ruta zinakuruhusu, kupitia ukurasa wake, kuligeuza tundu jingine lifanye kazi ya lile lililokufa. Fundi mwaminifu atakuonyesha.

Tuchukulie umeme umetulia na njia fupi ni nzima. Sasa tunatoka nje ya nyumba, na hapa itategemea una modemu ya aina gani.

Yenye kadi ya SIM ndiyo rahisi kuichunguza, kwa sababu unaweza kuihamisha kadi. Itoe, iweke kwenye simu, zima wifi, washa data. Simu nayo ikikataa, swali ni la mega au la mnara: angalia salio kwa namba za kawaida za kampuni yako, maana kifurushi kilichokwisha usiku wa manane hakitoi taarifa kwa mtu aliyelala. Simu ikikubali, kadi na mnara ni wazima, na kosa limebaki kwenye modemu. Mara nyingi ni ile anwani ya kuingilia mtandao wanayoiita APN, ambayo kila kampuni ina ya kwake. Iangalie kwenye mipangilio ya simu iliyokubali, iandike herufi kwa herufi kwenye ukurasa wa modemu. Jaribio hili la kuhamisha kadi linachukua dakika tano, nami sijui jingine linaloamua kesi nyingi kama hili.

Rezo ikiwa inakuja na kuondoka, tazama ndani ya ukurasa huo mstari unaoonyesha nguvu ya mawimbi. Ni namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: kutoa 80 ni nzuri, ukivuka kutoa 110 unabahatisha. Chukua modemu, isogeze dirishani upande ulipo mnara, subiri dakika mbili, soma tena. Butembo ni mji wa vilima. Nyumba mbili zinazotazamana kwenye bonde moja zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Na bati ni ukuta kwa mawimbi. Modemu iliyofichwa juu ya kabati, chini kabisa ya bati, kwa kuogopa watoto, imefungiwa jela, na mchana wa Beni joto la pale juu nalo litaiua mapema.

Wanaoishi Kasindi wana kisa chao. Modemu inaweza kushika mnara wa Uganda, ng'ambo ya Mpondwe, ikaonyesha nguvu kamili huku hakuna kinachopita, kwa kuwa kadi yako hairuhusiwi kutumia rezo ya nchi nyingine. Ingia kwenye mipangilio, acha kuchagua mtandao kwa hiari ya modemu, uchague wa kwako kwa mkono.

Aina ya pili ni ya antena juu ya paa, inayotazama mlingoti wa muuzaji wa intaneti mjini. Hapa fuata waya kwa vidole vyako. Kutoka antena unashuka hadi kwenye kisanduku kidogo kinachosukuma umeme juu ya paa kupitia waya uleule wa data. Kisanduku hicho kina matundu mawili, moja la antena, limeandikwa POE, na jingine la ruta, limeandikwa LAN. Mtu akipiga deki, akachomoa na kurudisha kinyume, antena inakosa umeme, na ruta isiyotengenezwa kwa hilo inaweza kuungua. Paka rangi ya kucha: nyekundu kwenye waya na tundu la antena, nyingine kwenye la ruta. Yeyote atakayefanya usafi ataona.

Nyaya zikiwa sawa, inua macho uitazame miti. Safari ya antena hizi ni ya jicho: antena na mlingoti lazima vionane. Na kuonana kwenyewe si kwa uzi mwembamba. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 yanayotumiwa sana, safari ya kilomita tano inahitaji katikati yake uwazi wa kama mita nane kila upande, au kwa uchache mita tano. Milima yetu imejaa mikaratusi, na mkaratusi haungoji mtu: miaka miwili unatosha kufunga dirisha la mawimbi lililokuwa wazi siku antena ilipofungwa. Kwanza intaneti inapotea wakati wa mvua tu, kwa sababu majani yaliyolowa hunywa mawimbi. Kisha inapotea upepo ukivuma. Kisha inapotea. Mteja amebadilisha ruta mara mbili, kumbe alihitaji ruhusa ya jirani na panga. Nimeona ugomvi wa namna hiyo ukimalizwa kwa kuinua mlingoti wa nyumbani kwa bomba la mita tatu, na mti ukabaki na mwenyewe.

Hapa nakuomba kwa moyo wangu wote: usipande paa usiku. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi, na watu wa Beni hawahitaji kuambiwa na mimi jinsi usiku ulivyo. Mtu mwenye tochi juu ya bati saa tatu usiku anaweza kueleweka vibaya na walinzi, na jirani, na yeyote mwenye bunduki. Hakuna barua pepe yenye thamani hiyo.

Aina ya tatu ni sahani ya satelaiti, ambayo haihitaji mnara wowote mjini. Mamlaka ya mawasiliano ilizuia Starlink mwezi Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Kuihusu sina mengi: inataka anga tupu kabisa, bila tawi wala ukingo wa paa, na umeme wake ni mwingi kuliko wa modemu. Betri ndogo iliyoweza kubeba modemu usiku kucha haitaiweza sahani hiyo.

Kuna pane moja inayowachanganya hata mafundi. Kila kitu kinawaka kijani, lakini hakuna tovuti inayofunguka; na wakati huohuo WhatsApp inapitisha ujumbe mmoja mmoja. Rudi kwa Kambale wetu. Kompyuta hazitafutani kwa majina. Zinatafutana kwa namba, na majina tumewekewa sisi binadamu. Kila unapoandika jina la tovuti, ruta yako humuuliza mtunza majina, “Huyu namba yake ngapi?” Mtunza majina akiwa hajibu, barabara ni nzima lakini hujui nyumba ya kugonga. Jaribu kwenye kompyuta kwa kuandika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, barabara iko wazi. Basi kwenye mipangilio ya ruta, mahali pa DNS, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1, watunza majina wa Google na wa Cloudflare, ambao hawalipishi. Angalia na saa ya simu pia: tarehe ikiwa imekosewa kwa mwaka mzima, kama inavyotokea betri ikifa kabisa, tovuti nyingi zitakataa kukupokea kwa kudhani kuna udanganyifu.

Na ipo siku ambayo nyumba yako, paa lako na mji wako wote ni wazima, na bado hakuna kitu.

Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipiga kura. Beni na Butembo hazikupiga. Siku nne kabla, tume ya uchaguzi ilikuwa imetangaza kwamba kura yetu imeahirishwa hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Siku iliyofuata kura, tarehe 31, serikali ilizima intaneti nchi nzima, ikabaki hivyo karibu wiki tatu. Tukumbuke tulikuwa katikati ya nini. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti mwaka ule, ikianzia Mangina, karibu na Beni, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Watu walitaka kujua kituo gani kimefunguliwa, nani amepona, nani amezikwa. Wakawa wanatazama taa nyekundu.

Siku zile niliona modemu zisizo na pane yoyote. Wenyewe, kwa uchungu, walikuwa wamekwisha kuzichoma sindano. Kila walichowekewa na fundi kilifutika: jina la mteja, neno la siri la kuingilia, APN. Intaneti iliporudi Januari 2019, nyumba za majirani ziliamka zenyewe, bila mtu kugusa kitu. Zao hazikuamka. Wengine walikaa mwezi wa pili bila mawasiliano kwa ajili ya kitufe walichokibonyeza dakika moja.

Bahari nayo ina siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Durban, Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikayumba kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Sisi tuko karibu zaidi na Mombasa kuliko na Muanda, kwenye Atlantiki, ambako waya wa bahari uitwao WACS ulizinduliwa mwaka 2013, kwa hiyo kinachotokea katika Bahari ya Hindi kinaweza kukufikia hata Mulekera, kule Beni. Dalili yake ni uzito: ujumbe wa maandishi unapita, picha inazunguka, video haiji.

Namna ya kujua ni ileile ya Fuso: uliza. Muulize jirani mwenye kampuni tofauti na yako. Fungua redio, Okapi au ya mjini. Tuma meseji ya kawaida, isiyohitaji intaneti, kwa ndugu aliye Kampala au Kinshasa. Watatu wakikuambia kwao pia hakuna, kaa chini. Modemu yako ni nzima. Iache na mipangilio yake, itafufuka wenzake watakapofufuka.

Kuzima na kuwasha kunaruhusiwa, na kunasaidia, ukifanya sawasawa: chomoa chaja, subiri sekunde thelathini, chomeka, kisha uipe dakika tatu bila kuigusa. Mara moja inatosha. Kila jaribio jingine lifanye peke yake, uone matokeo, ndipo uende la pili. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na intaneti ikarudi, hutajua kilichoiponya, nayo ikianguka tena utaanza upya.

Ukimpigia muuzaji wako wa intaneti, usimwambie tu kwamba rezo haiko. Mwambie: taa ya umeme imetulia, ukurasa wa 192.168 unafunguka, taa ya WAN ni nyekundu tangu saa nane mchana, jirani mwenye kampuni nyingine anapata. Maneno hayo yanamzuia kukuambia “zima na uwashe”, na yanamfanya apande mlingoti wake mwenyewe.

Leo jioni, wakati intaneti bado ipo, geuza modemu yako, fungua ukurasa wake, na uandike kwenye karatasi kwa kalamu ya wino: anwani ya ndani na neno lake la siri, jina na neno la siri la wifi, APN au jina la mteja ulilopewa na muuzaji, namba yake ya simu, tarehe kifurushi kinapokwisha, na volti za chaja. Ibandike chini ya kisanduku kwa gundi ya karatasi. Ukiisha kuwa nayo, hata sindano ikija kukushinda siku moja, utarudisha kila kitu kwa nusu saa, wewe mwenyewe, nyumbani kwako.